Kiuno kikiuma, tazama maumivu yanakohamia

Kwa Mhariri,

Mpunga unapopandikizwa Ahero na palizi inapopamba moto Bungoma na Kakamega, maumivu ya kiuno huwa gumzo la kila boma. Ushauri unaozunguka ni wa namna mbili. Wazee husema mtu alale mpaka kipoe. Vijana hufungua simu wakaonyesha video ya mtu mwenye viungo laini kama mpira, amesimama miguu imenyooka, anainama mpaka anashika vidole. Ushauri wa kwanza huchelewesha nafuu, na wa pili unaweza kumrudisha mtu kitandani jioni ile ile. Naomba nafasi nieleze jinsi ya kunyoosha mgongo nyumbani kwa upole, kwa kuwa zoezi linalomfaa mwendesha bodaboda wa Kondele laweza kumdhuru baba yake mzee, na tofauti hiyo ni nadra kuisikia ikielezwa.

Niseme kwanza kuhusu kulala. Siku moja au mbili za kupunguza kazi hazina ubaya. Zikizidi, misuli inayoushikilia uti wa mgongo hulegea, viungio hukakamaa, na siku mtu atakapoinuka ataumia kuliko alipolala. Afadhali atembee uani dakika tano hadi kumi kila baada ya saa mbili au tatu, kisha ajipumzishe. Maumivu mengi ya kiuno hayatokani na mfupa uliovunjika wala ugonjwa wa kutisha, na mengi hupungua sana ndani ya wiki sita. Wala si kila kiuno kinachouma ni figo, ingawa huku kwetu figo husingiziwa kila mara. Maumivu ya figo mara nyingi hukaa juu zaidi, chini ya mbavu upande mmoja, hayabadiliki ukiinama au ukijigeuza, na huenda yakaja na homa au mkojo unaochoma.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Sehemu ya chini ya mgongo ina pingili 5, na kati ya pingili na pingili kuna diski, mfano wa kijimto kigumu chenye ute mzito katikati. Ukiinama, diski hubanwa kwa mbele na ute wake husukumwa nyuma, upande zinakopita neva za miguu. Ukijipinda kwenda nyuma, mambo hugeuka, ila vijia vya zile neva navyo hupungua upana. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya zoezi lolote ni hili: kiuno chako huuma zaidi ukiwa umekaa na kuinama, au ukiwa umesimama na kutembea?

Anayeumia akikaa au akiinama, kwa kawaida mwendesha bodaboda, dereva wa matatu, fundi cherehani au mpanda mpunga, aanze na mazoezi ya kulala kifudifudi. Anayeumia akisimama au akitembea na kupata nafuu papo hapo akikaa, aanze na magoti kifuani. Wa kundi hili la pili aghalabu ni mtu mzima aliyepita miaka 60. Utamwona akisukuma baiskeli anakwenda masafa marefu bila shida, lakini akitembea mikono mitupu miguu inakufa ganzi na anatafuta pa kukaa. Akisukuma baiskeli huwa ameinama kidogo, na vijia vya neva hupanuka. Mtu kama huyo ukimwambia ajipinde kwenda nyuma utakuwa umemwongezea tatizo.

Kipimo cha pili ndicho ninachotaka msomaji akishike kuliko vyote. Wakati wa zoezi, fuatilia maumivu yanahamia wapi. Yakitoka kwenye kigimbi yakapanda pajani, au yakatoka pajani yakakusanyika kiunoni, endelea, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kidogo kwa muda. Yakitoka kiunoni yakateremka kwenye kalio, paja na unyayo, acha hapo hapo, kwa kuwa zoezi hilo halikufai, angalau kwa wiki hii.

Mahali pa kufanyia ni sakafuni, juu ya mkeka uliotandikwa blanketi lililokunjwa mara mbili. Kitanda cha kamba au godoro la sponji lililobonyea katikati halifai, maana mgongo huzama na misuli hubaki inafanya kazi unapotaka ilegee. Wakati mzuri ni jioni baada ya kuoga, au mchana baada ya kutembea dakika tano. Mwili ukiwa baridi, lowesha taulo kwa maji ya moto, likamue, ulijaribu kwanza kwa mkono, kisha uliweke kiunoni dakika 15. Mwenye kisukari ambaye ngozi yake haihisi vizuri asitumie joto hilo. Saa ya kwanza baada ya kuamka usijikunje kwenda mbele kwa nguvu. Usiku diski hunyonya maji na kuvimba, ndiyo sababu mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni, na diski iliyojaa hivyo haipendi kuinamiwa. Bahati mbaya ndiyo saa ambayo wengi hushika fagio fupi kufagia uwanja.

Tuanze na wale wa kukaa na kuinama. Lala kifudifudi, mikono kando ya mwili, uso umegeuzwa upande mmoja, na ukae hivyo dakika mbili au tatu ukipumua taratibu. Usifanye lolote zaidi. Wengi huidharau hatua hii wakaruka kwenda inayofuata, na hapo ndipo mgongo unapokaza kwa woga. Ikiwa hata kulala hivyo kunauma, weka mto mwembamba chini ya tumbo, na siku zinazofuata upunguze unene wake mpaka uuondoe. Mgongo ukitulia, jiegemeze juu ya viwiko, viwiko vikiwa chini ya mabega, kitovu kikigusa mkeka. Kaa dakika mbili. Misuli ya kiuno na makalio ilegee kabisa, kinachobeba mwili ni mikono.

Hatua ya tatu ni kuweka viganja mbele ya mabega na kunyoosha mikono polepole, kifua kikiinuka, nyonga zikibaki chini. Kaa juu sekunde moja au mbili, shuka. Rudia mara 10. Kila mara jaribu kupanda kidogo kuliko mara iliyotangulia, ila usilazimishe mikono inyooke yote siku ya kwanza. Kosa la kawaida ni kuinua nyonga pamoja na kifua kama mtu anayepiga pushapu, na mgongo ukabaki umenyooka kama ubao. Kosa la pili ni kukaza makalio. Ukipatia, utahisi mbano mwepesi pale pale kiunoni unaoisha ukishuka.

Seti moja kila saa mbili au tatu katika siku mbili za mwanzo huleta tofauti kuliko seti tano kwa mkupuo wa usiku. Najua shambani hakuna pa kutandika mkeka, na katika majaruba ya Kano hata pakavu pa kusimama ni pa kutafuta. Huko tumia zoezi la kusimama: miguu iachane kwa upana wa mabega, viganja nyuma ya kiuno vidole vikitazama chini, magoti yamenyooka, jipinde kwenda nyuma sekunde mbili na urudi. Mara tano hadi kumi, kila baada ya dakika 20 au 30 za kuinama. Mwendesha bodaboda afanye vivyo hivyo kila anaposhuka, na ashuke angalau mara moja kwa saa hata kama hana abiria, kwa kuwa mtetemo wa injini na mashimo ya barabara huchosha diski na misuli hata pale dereva anapoona amekaa tu.

Wa kundi la kusimama na kutembea wao walale chali, magoti yamekunjwa, nyayo sakafuni. Kwanza, bonyeza kiuno kwenye mkeka kwa kukaza tumbo kidogo, hesabu hadi tano, legeza. Mara 10. Halafu vuta goti moja kuelekea kifuani ukilishika nyuma ya paja, si juu ya goti, kwa kuwa kulishika juu hulibana goti lenyewe na mwenye baridi yabisi atalia. Sekunde 20 hadi 30, mara tatu kila upande. Mguu wa pili ubaki umekunjwa. Siku kadhaa zikipita bila taabu, yavutwe magoti yote mawili pamoja, na unapoyashusha yashushe moja moja, la sivyo uzito wa miguu miwili utakinyanyua kiuno kutoka sakafuni kwa kishindo.

Walio na mgongo uliokakamaa tu, bila maumivu yanayotelemka mguuni, wanaweza kuongeza kuangusha magoti yote mawili upande huu na upande ule, mabega yakibaki chini, mara 10 kila upande. Lile la kupiga magoti na viganja, kisha kupandisha mgongo kama paka na kuushusha, nalo ni jema, mara nane au kumi zatosha, na halihitaji maelezo zaidi.

Nataka nikae kidogo kwenye misuli ya nyuma ya paja, kwa maana ndipo video za simu zinapopotosha watu. Misuli hii imeshikamana na mifupa ya makalio unayokalia. Ikiwa mifupi, huivuta nyonga kwa chini, na mtu anapoinama kiuno hulazimika kujikunja zaidi ili kufidia. Kuinyoosha ni jambo la busara. Lakini ukiinyoosha umesimama na kujikunja, kiuno ndicho hunyooka kwanza kwa sababu ndicho dhaifu, na paja halipati chochote. Tumia leso. Lala chali, mguu mmoja umekunjwa. Pitisha leso kwenye unyayo wa mguu wa pili, shika ncha zote mbili, uinue mguu huo goti likiwa limekunjwa kidogo, kisha unyooshe goti polepole mpaka uhisi mvuto katikati ya paja kwa nyuma. Kaa hapo sekunde 30 bila kuvutavuta. Mara tatu kila mguu.

Ukihisi mchomo kama wa umeme, au ganzi kwenye kigimbi na unyayo, hiyo si misuli tena. Ni neva ya siatiki, neva nene kuliko zote mwilini, na neva haipendi kuvutwa na kushikiliwa. Kunja goti kidogo, shusha mguu, legeza vidole. Mchomo ukikataa kuisha, liache zoezi hili mpaka wiki nyingine. Wapo wanaoamini kwamba ganzi ni dalili ya dawa kufanya kazi, nao huvuta zaidi. Usiku hawalali.

Misuli ya makalio nayo husaidia ikilegea. Ukiwa bado chali, weka kifundo cha mguu wa kulia juu ya goti la kushoto, shika paja la kushoto kwa nyuma ulivute kwako sekunde 30, ukisikia mvuto kwenye kalio la kulia, kisha ubadilishe. Na kwa anayekaa siku nzima, misuli ya mbele ya nyonga hufupika. Piga goti moja juu ya mto kama mtu anayefunga kamba za kiatu, kaza kalio la upande wa goti lililo chini, halafu sogea mbele sentimita chache tu. Wengi husogea mbali na kubonyeza kiuno, wakadhani wamenyoosha nyonga kumbe wameongeza mbano nyuma.

Pumzi ni nusu ya kazi. Toa pumzi unapoingia kwenye mvuto, na uendelee kupumua kawaida ukiwa humo. Anayezuia pumzi hukaza tumbo na mgongo kwa pamoja, na shinikizo la damu hupanda. Kudundadunda mwishoni mwa mvuto huamsha misuli ijikaze kujilinda, ikawa unashindana nayo. Kwa kiasi cha maumivu, yape alama kutoka sifuri hadi kumi: yasipite tatu au nne wakati wa zoezi, na ndani ya saa moja yawe yamerudi yalipokuwa. Yakibaki juu mpaka kesho yake, punguza sekunde na idadi kwa nusu, usiache kabisa. Na tafadhali, desturi ya kumwambia mtoto akukanyage mgongoni ikome. Kilo 25 za mtoto juu ya kisigino kimoja zinaweza kuvunja ubavu, na mwenye mifupa iliyopungua nguvu anaweza kuvunjika pingili.

Mama mjamzito kuanzia kama wiki ya 20 asikae chali kwa muda mrefu, kwa kuwa uzito wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa wa damu. Zoezi lake ni lile la paka, na kukalia visigino huku mikono ikinyooshwa mbele, magoti yakiachana kulipisha tumbo. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa ya kliniki.

Kuhusu mikanda na leso za kubana kiuno: Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa Desemba 2023 mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu sugu ya kiuno, na wakati huo lilitaja kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu haya. Mazoezi na elimu kwa mgonjwa yamo katika mapendekezo. Mikanda haikupendekezwa kama tiba ya kawaida. Leso ya kujifunga ukibeba mzigo mara moja haina neno, ila kuifunga kutwa nzima wiki baada ya wiki ni kuizoesha misuli uvivu. Sindano na vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa kiholela kemisti huweza kupunguza maumivu, lakini vikitumiwa kwa muda mrefu huleta vidonda vya tumbo, huumiza figo na kupandisha presha, na mwenye presha au figo dhaifu asivimeze bila kumuuliza daktari.

Zipo hali ambazo kunyoosha ni kupoteza muda. Kushindwa kukojoa au mkojo na choo kutoka bila kujua, ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, au miguu kuishiwa nguvu ghafla: hii ni dharura, mtu afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa wa Kisumu ni ile ya rufaa ambayo wengi bado wanaiita Russia. Neva zikibanwa hivyo kwa muda, huenda zisirudi. Maumivu baada ya kuanguka kwenye pikipiki au kutoka juu ya mti yapigwe picha kwanza. Homa, jasho la usiku na kukonda pamoja na mgongo unaouma hata ukiwa umelala vinahitaji uchunguzi, kwa maana kifua kikuu hakikai kwenye mapafu pekee. Hushambulia pingili pia na kuzila. Wanaokunywa maziwa mabichi wakumbuke brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu. Mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ulioenea maeneo ya ziwa, mgongo ukimshika ghafla asianze mazoezi, aende akaguliwe. Vivyo hivyo mtoto mdogo anayelalamikia mgongo, na mtu aliyewahi kutibiwa saratani.

Asiye na dalili hizo afanye mazoezi yake kila siku kwa wiki mbili kabla ya kuyahukumu. Wiki sita zikipita bila mabadiliko, amwone mtaalamu wa fiziotherapia, na ana haki ya kumuuliza kama amesajiliwa na baraza lililoundwa chini ya Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya 2014. Wakandaji wa mitaani ni wengi, na baadhi yao huzungusha shingo na viuno kwa ghafla ili vitoe mlio wa kujionyesha.

Bila kubadili kazi kidogo, mazoezi ya dakika 15 hayawezi kushindana na saa kumi za kuinama. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 upande mmoja wa mwili. Miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, huuacha mgongo wima. Beseni la kufulia likae juu ya stuli au tofali, lifike usawa wa nyonga. Fagio liongezwe mpini. Jembe lenye mpini mfupi ndilo huuzwa kwa bei nafuu sokoni, lakini mpini mrefu unaweza kuchongwa na fundi yeyote.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti linapochapisha picha za mazoezi ya mgongo, mara nyingi huwa ni za mtu juu ya mpira mkubwa wa jimu, ambao boma za Nyando au Molo hazina. Mpigapicha wako angepata picha nzuri zaidi sakafuni, kwenye mkeka, leso ikiwa imepitishwa kwenye unyayo. Na chini ya kila picha ziandikwe sekunde, pamoja na upande ambao maumivu yanapaswa kuhamia.

Mtaalamu wa tiba ya viungo,
Kisumu